Maji Machungu ya Zeituni

Kavetsa, zima hiyo redio, na wewe Ambrose keti, usisimame mlangoni kama mtu anayengoja gari, kwa sababu haya nitayasema mara moja na kifua changu hakina ya pili.

Shamba la Vihiga mligawane sawa, na asinisimamie mtu kaburini kusema binti ameshaolewa Kibera, kwa kuwa nilipougua ni huyo binti aliyenilisha. Ndugu yangu Wekulo, ambaye hatujasalimiana tangu tumzike mama, mwiteni anizike, sina ubishi naye tena. Hayo ni mepesi. Zito ni yale mapipa nyuma ya nyumba hii ya Kavetsa.

Mnajua yalikotoka. Miaka niliyomfanyia kazi yule Mzungu wa Naivasha tulikamua zeituni zake, mafuta yakaenda mahotelini, na makapi na maji meusi yaliyobaki yakamwagwa shimoni, na palipomwagwa hata nyasi ziligoma kuota. Tulipooshea vidonda vya miguu tuliona vinakauka, ndiyo nikawa naleta nyumbani mtungi mmoja mmoja. Ya kuoshea, wanangu. Sikumpa mtu kikombe.

Wewe Ambrose ndiye uliyesimama madhabahuni kule kanisani kwako ukasoma habari za kuwapaka wagonjwa mafuta, ukainua chupa ya maji yangu, na watu wakapiga magoti. Kwa kuwa ni zeituni, wakadhani yametoka Yerusalemu. Kwa kuwa ni machungu, wakadhani yana nguvu, nawe ukayachemsha yawe machungu zaidi. Nilipokuuliza ulinicheka: “Mzee, kwani Samueli alimpaka Daudi Panadol?” Na Mourine, mtoto wa huyu dada yako, akakujibu palepale: “Anko, Samueli alimpaka kichwani, hakumnywesha, tena alikuwa na mafuta, si maji ya kuoshea mashine.” Hukuacha.

Huyo mtoto anasoma kemia chuoni, na hakuyadharau maji yangu. Alisema mti wa zeituni hujitengenezea uchungu kujikinga na wadudu, na uchungu mwingi hubaki kwenye makapi, na huenda siku moja ukawafaa watu wa vidonda, pengine hata wa moyo. Huenda, Ambrose! Hakuna aliyewapimia binadamu kiasi cha kunywa. Nikamwambia nimesikia wataalamu wameona uchungu huo ukiua vijidudu maabarani, akasema, “Babu, hata jiki ya kufulia inaua vijidudu, na hakuna anayeinywa.”

Sasa tazameni Nereah, jirani ya Kavetsa. Alikuwa na kifua kikuu, alikuwa anapona, vidonge vya kliniki vilikuwa karibu kwisha. Akavitupa akanywa maji yangu, maana mchungaji alimwambia imani na vidonge havikai mkono mmoja. Mchungaji ni mwanangu. Leo Nereah anakohoa damu kwenye kopo, watoto wake wamelala ubavuni, na ukuta wa udongo unaowatenga na Kavetsa una mwanya wa kupitisha mkono. Anachokohoa yeye kinaingia kwa dada yako. Kifua kilichoachishwa dawa katikati hurudi kikiwa kimejifunza kuishinda dawa, na kikirudi hivyo hakiulizi nani aliombewa.

Kwa hiyo shikeni. Mourine achukue mtungi mmoja awapelekee walimu wake wauchunguze, na wakipata jambo jema, lisemwe na waliopima. Kavetsa, kukipambazuka mpeleke Nereah kliniki, hata akikutukana. Mapipa yamwagwe kwenye shimo la choo, si mtoni.

Ambrose, nenda uyamwage sasa. Nataka kusikia.

Sogea, Kavetsa. Mungu akupe... akupe mapafu mazima na mlango usiobishwa hodi na msiba. Yeye pia, ndugu yako, Mungu amrudishe, mimi nimeshindwa... Usilie, nisikie nje.

Hayo ni maji? Mbona yanateremka kidogo kidogo, yanakata, yanaanza tena? Pipa halimwagwi hivyo. Anajaza chupa.

Hapana, usimkimbilie, ana nguvu kukushinda. Mwache. Usingoje kupambazuke... Nereah, mama. Kwanza Nereah.