Kiti cha Kushoto

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wengine wote, Tumsifu Yesu Kristo. Mwenyekiti kaniambia nizungumze nikiwa nimekaa, nimekataa. Huu mguu ndio ulioitwa kutoa ushuhuda, mimi nimeusindikiza tu. Basi na usimame.

Mimi ni fundi wa magari, gereji yangu iko mtaa wa Soweto, hapa hapa mjini. Wasionifahamu hushangaa kumwona mama mzima anatoka chini ya gari, lakini injini ikishanguruma vizuri mshangao unaisha. Pamoja na ufundi, nilikuwa dereva wa mbio za kutwa. Kwa msiozijua, ni vigari vya spoti, vile vifupi vya milango miwili, vinazunguka njia ile ile kule tambarare tangu jua linapochomoza mpaka linapozama. Kila gari lina watu wawili. Mmoja anaendesha, mwingine anakaa kushoto kwake na kumsomea barabara: kona hiyo, punguza, kuna shimo, haya kanyaga. Mkichoka mnabadilishana. Anayeshinda ni aliyezunguka mara nyingi kuliko wengine bila gari kumfia.

Mwenzangu simtaji. Alikuwa dereva mzuri na alijua kwamba ni mzuri, na hapo ndipo penye taabu. Tulikuwa tunafanya mazoezi njia ya vumbi upande wa Sanya Juu, yeye kwenye usukani, mimi kushoto. Kona ikaja. Nikamwambia, "Punguza." Hakupunguza. Nikarudia, "Punguza bwana!" Akacheka. Ndugu zangu, kile kicheko ndicho nilichosikia mara ya mwisho kabla gari halijapinduka.

Yeye alitoka bila hata mchubuko. Mimi paja lilivunjika na nyonga ikateguka. Alinifikisha hospitali, akanikabidhi kwa wauguzi, kisha akapotea. Hakuja kuniona hata siku moja. Nawaambia ukweli, maumivu ya mfupa niliyavumilia, lakini pale kitandani kila nikigeukia mlangoni simwoni, chuki ilinijaa.

Mama akanichukua nyumbani Kibosho. Pale kihambani, katikati ya migomba yetu, nililishwa mtori asubuhi, nikalishwa mtori jioni, mpaka leo nikisikia harufu ya ndizi na nyama zikichemka paja linashtuka. Mfupa ukaunga. Kitu ambacho hakikuunga mnakijua wenyewe, maana ndicho kilichotukutanisha sisi waoga wa magari humu ukumbini. Nilikuwa naweza kuendesha mwenyewe kidogo kidogo, mpaka mguu uchoke na klachi. Kuendeshwa na mtu mwingine sikuweza kabisa. Nikikaa kushoto tu, gari likiwa halijawashwa, jasho linanitoka. Gerejini mteja akisema, "Fundi, panda tukalijaribu," namjibu, "Nenda tu baba, nitalisikiliza kutoka hapa." Wakadhani ni ujuzi wa hali ya juu! Wengine wakanisifia.

Basi Jumapili moja, tumetoka misa, mwenzangu akaja kwa mama akiwa na baba yake mdogo. Mkononi ameshika jani la isale. Wachagga wenzangu mmeshaelewa. Ninyi mliotoka mikoa mingine mkaja kwenye miwa na viwanda, nawaeleza: mtu akikujia na isale amekuja kuomba msamaha, na msamaha huo haunyimwi. Ukimnyima, wewe ndiye unayeonekana mbaya.

Baba mdogo akamwambia mama, "Mae, tumekuja. Mtoto wetu ana kosa na analijua."

Mwenyewe akasema, "Dada, ulisema punguza, nikacheka. Hospitali niliogopa kukuona. Nisamehe."

Mimi nilitaka kumchapa nalo lile isale. Mama akanitazama, na mnajua mama akikutazama vile. Nikalipokea. Kwa mkono nililipokea, moyoni hapana, na nilijua kabisa ninachofanya.

Kilichonitoa usingizini ni komunyo ya kwanza ya binti yangu. Anasoma bweni huko Sanya Juu. Mguu wangu usingeweza kuendesha mpaka kule, kwa hiyo shemeji akaja kutuchukua mimi na mama. Nimevaa kitenge kipya, nimesuka, nimebeba zawadi, na kwa ajili ya mtoto nikajikaza nikapanda kiti cha nyuma. Tulipokaribia ile kona ya ajali nikapiga kelele asimamishe. Nikashuka. Wakanibembeleza pale barabarani, nikakataa, wakaenda, nikarudi nyumbani nikichechemea na zawadi yangu mpaka usiku. Mwanangu alipokea Mwili wa Bwana mimi sipo. Aliporudi likizo hakunilaumu. Aliniuliza tu kama mguu uliuma sana siku ile. Nikamwambia ndiyo, na uongo ule ukanichoma kuliko ajali.

Hapo nikakasirika, ndugu zangu, safari hii nikaikasirikia hofu yenyewe. Kesho yake nikaenda kwa mwenzangu.

"Mbio za kutwa zinakuja. Tunaingia."

"Wewe na nani?"

"Mimi na wewe."

"Dada, una wazimu?"

"Ninao. Lete gari tulitengeneze."

Kwa nini yeye, na madereva wamejaa mji mzima? Kwa sababu hofu yangu ilikuwa na sura, na sura ni ya kwake. Ningekaa na mwingine ningekuwa nimeizunguka tu.

Tukatengeneza gari wote wawili, hatuongei zaidi ya "nipe spana" na "shika hapa". Siku ikafika. Nikaanza mimi kuendesha. Tulikubaliana baada ya mizunguko kadhaa tubadilishane. Mizunguko ikafika, ikapita. Kutoka kushoto akasema, "Dada, tubadilishane." Nikasema, "Bado." Akasema tena, nikasema bado. Yeye ananisomea barabara vizuri kabisa, na mimi nimeng'ang'ania usukani. Kufika adhuhuri, jua kali, vumbi tupu, mguu ukagoma. Nakanyaga klachi haizami, gia zinalia mpaka naona aibu mimi fundi. Nikaingiza gari pale pa kujazia mafuta.

Mwenzangu akasema taratibu, "Tulitoe gari mbioni, dada. Sitakukasirikia."

Mama alikuwa pale, amekaa chini ya mwavuli na rozari yake. Akanyanyuka. "Huyu leo amekosa nini?"

Nikajifanya nakagua gia.

"Nakuuliza, leo amekosa nini? Lile isale ulilipokea la nini?"

Nikashuka, nikazunguka gari, nikakaa kushoto. Kufunga mkanda kukanishinda, mama akanifunga kama mtoto. Mwenzangu akawasha gari.

Kona ya kwanza ilikuwa ile ya kando ya mfereji. Nikasema, "Punguza." Sauti ilikuwa nyembamba, sijui hata aliisikiaje juu ya injini. Akapunguza. Akapunguza mno mpaka magari mawili yakatupita yakitupigia honi. Mzunguko wa pili, punguza, akapunguza. Wa tatu vile vile. Hakucheka, hakunung'unika, hakuniambia dada hapa pana nafasi. Alikuwa anapoteza mbio mbele ya watu wote wanaomjua, na bado kila nikisema anatii. Pale ndipo nilipolipokea lile isale. Nikasikia kitu kinafunguka kifuani, nikalia ndani ya helmeti, machozi na vumbi vikageuka tope.

Sikumbuki ni mzunguko wa ngapi. Nilitazama chini nikaona mikono yangu, iliyokuwa imeshika kiti, imetulia mapajani. Mbele barabara imenyooka, safi. Nikasikia mtu anasema, "Kanyaga!" Kumbe ni mimi.

Akageuka kunitazama. "Umesemaje?"

"Angalia mbele wewe! Nimesema kanyaga, tunapitwa!"

Akakanyaga, na tuliwapita watatu. Msitegemee kwamba tulishinda, maana nyuma yetu kati ya waliomaliza sidhani kama kulikuwa na wengi. Lakini jua lilizama gari likiwa linatembea na mimi nikiwa kushoto. Likizo iliyofuata nilikwenda Sanya Juu kumchukua binti yangu. Shemeji aliendesha, mimi kazi yangu ilikuwa kupiga soga njia nzima.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yangu na mtori wake, hata kama siutaki tena. Nawashukuru madaktari na wauguzi, na mafundi wenzangu walioishika gereji nilipolala. Nawashukuru ninyi mlionisikiliza nilipokuwa siwezi kusema chochote zaidi ya kulia. Na mwenzangu namshukuru pia. Yuko humu leo, amekaa nyuma kabisa, msigeuke.

Nilichojifunza ni hiki. Nilikuwa nangoja nipone ndipo nipande gari. Sikupona. Nilipanda nikiwa mgonjwa vile vile, natetemeka, na kupona kukanikuta humo humo ndani, kidogo kidogo, kona kwa kona.

Sasa tusidanganyane. Humu kuna watu wamekuja kwa miguu kutoka mbali, na si kwa sababu ya nauli. Nawaona vumbi miguuni. Gari liko hapo nje. Anayetaka kujaribu leo, aje tupande wote. Akitaka kushuka hapo getini, tutamshusha getini. Na Jumapili ijayo tutamfikisha barabarani.