Wakili Khatibu na Kanuni ya Tisini na Saba

Tarehe 31 Machi, baada ya miaka ishirini na mmoja ya utumishi, Wakili Khatibu Mbwana anastaafu ujumbe wa Baraza la umoja wetu wa Waswahili wa Johannesburg. Hoja ya kumuaga ilipita bila kupingwa, ingawa mwenyewe aliifanyia marekebisho mara mbili.

Alifika kutoka Tanga na shahada ya sheria, akakuta nchi hii inataka mitihani mingine. Aliifanya huku akiandikia watu barua na viapo pale mtaa wa Mayfair. Kesi iliyompa jina ni ya Angélique, msusi wa mtaa wa Bellevue, mzaliwa wa Bukavu. Mwenye nyumba alibadilisha kitasa, vifaa vyote vya saluni vikiwa ndani. Khatibu alisimama mlangoni akamsomea sheria ya upangaji, kifungu baada ya kifungu, tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mwenye nyumba akafungua. Wapo wanaosema aliogopa sheria; wengine wanasema aliogopa vifungu vilivyobaki.

Mwaka uliofuata tukamchagua. Baraza lilikuwa na kanuni nne na vikao vya saa moja. Yeye ndiye aliyetunga kwamba msemaji asizidi dakika tatu, isipokuwa mtoa hoja, na mtoa hoja siku zote alikuwa yeye. Kanuni ya 58 inamhesabu aliyesinzia kikaoni kuwa ameafiki. Tangu hapo hoja zake hazikushindwa tena.

Ndivyo ilivyopita Kanuni ya 97: ambaye kibali chake cha kuishi kimekwisha, afutwe uanachama, na akifariki umoja usimsafirishe kwao. Tuliambiwa inalinda heshima ya Baraza. Watu kumi na tisa walifutwa, akiwemo Angélique.

Miaka miwili baadaye kibali cha Khatibu mwenyewe kilikwama kwenye ofisi ya serikali, kikaisha muda. Katibu wetu, Bi Nusaiba, alilisoma jina lake kikaoni. Khatibu akaja na utetezi wa kurasa kumi na moja. Kabla hajaanza, Angélique alisimama kwenye viti vya wageni.

“Papa Wakili, siku ile ulinitetea haukuniuliza karatasi. Leo miye pia siwezi kukuuliza yako.”

Ukumbi mzima ulikuwa macho. Khatibu aliziweka kurasa zake chini.

“Nimekosea, mama. Kanuni hii ifutwe.”

Ndiyo hotuba yake fupi kuliko zote, na bora kuliko zote.

Kumi na wanane walirudi. Wa kumi na tisa, Mzee Othmani, alikuwa ameshazikwa hapa, mbali na kwao Kigoma. Kila Ijumaa, akitoka msikitini, Khatibu huenda kupalilia kaburi lake. Hajawahi kulitolea taarifa Baraza.

Sasa anarudi Tanga kwa mkewe, Bi Mayasa, aliyekwisha kutuarifu kwamba nyumbani kwake hakuna kamati. Wakili, tunakushukuru kwa mlango uliotufungulia, na kwa ule uliokubali kuufungua tena. Fika salama, na Mungu akupe uzee wenye utulivu.