Mama Mabati, Aliyeuliza Bei Ikawaje

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mabati, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha kamba, mtoto wa pili na wa mwisho wa seremala na mkewe. Wa kwanza ni dada yake, mwenye maneno haya, ambayo mkwe wake ameyaandika kwa kuwa dada mtu hakupelekwa shule. Marehemu alizaliwa na nywele tele. Dada yake alizaliwa na upara, na mama yao hakuacha kulisema jambo hilo mbele ya wageni.

Alianza shule Januari 1959. Sare ilikuwa moja, ikamtosha yeye, na dada yake akabaki na masufuria. Hesabu alipata za kawaida, imla aliiponea chupuchupu, lakini historia ilimkolea. Mwalimu akieleza vita na wafalme, yeye ananyoosha kidole: "Mwalimu, na wakati huo chumvi iliuzwaje?" Alimaliza darasa la saba mwaka 1965 na swali lake hilohilo, akaja nalo nyumbani.

Nyumbani ndipo lilipoanza kuudhi. Dada yake alikuwa na hadithi za zamani ambazo majirani waliacha vyombo vichafu kuja kuzisikia. Iko ile ya mwaka wa upepo, mvua ilipokuja na upepo baada ya ukame mrefu, upepo ukamnyanyua shangazi pamoja na kitanda chake, akatua sokoni bado anakoroma, na mteja akauliza kitanda kinauzwaje. Watu wanashika mbavu kwa kicheko. Mdogo mtu anakuna goti.

"Halafu bei ya mabati ikawaje?"

"Mabati gani, we mtoto? Nakuambia shangazi karuka."

"Shangazi nimemsikia, dada. Nauliza mabati."

Dada mtu alikuwa na haja moja duniani: kwamba siku moja, hata moja tu, mdogo wake asikilize hadithi mpaka mwisho bila kuuliza bei.

Mwaka 1967 marehemu aliajiriwa kupima misumari katika duka la vifaa vya ujenzi, na mwaka 1979 akafungua lake, chumba kimoja kando ya karakana ya baiskeli. Mwaka 1984 ukame ulikuwa umetuchosha, hakuna aliyejenga, na mabati yaliuzwa kwa bei ya kutupa. Yeye aliyanunua mpaka yakaingia chumbani, mumewe akawa analala kiubavu. Watu walisema kachanganyikiwa, na dada yake alisema kuliko wote. Mvua ilipokuja ilikuja na upepo, kama mara ile, ukaezua mapaa, na asubuhi yake foleni ilizunguka karakana. Dada yake alikuwa kwenye foleni hiyo. Alipunguziwa bei, na kule kupunguziwa ndiko kulikomkera zaidi.

"Ulijuaje?" alimuuliza.

"Si wewe uliniambia? Nilimtoa shangazi, nikakitoa na kitanda. Kilichobaki nikakinunua."

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Juni 1974 na dereva wa lori. Dereva huyo, alipofika mtaani mara ya kwanza, alisimama kuongea na dada mtu. Mwenyewe yupo hapa, na hupenda kusema, "Shemeji, nilikuwa naulizia njia." Mtu haulizii njia huku amezima injini. Walijaliwa watoto watatu, wote na nywele.

Mwaka 1998 mji mzima ulishikwa na sungura. Kila mtu alifuga, kila mtu alimuuzia mwenzake akafuge, bei ikapanda na hakuna hata mmoja aliyemla sungura. Dada yake alinunua wa kujaza ua. Marehemu alikuja, akaketi kwenye ndoo, akamkumbusha hadithi yake mwenyewe, ya mwaka ambao kila mtu alilima alizeti, baba yao naye, hadi lundo likawa refu kiasi kwamba mbuzi alilipanda akala kipande cha wingu.

"Dada, mtoe mbuzi. Kinabaki nini?"

"Lundo."

"Baba alimuuzia nani?"

Dada yake alimwambia aache wivu. Marehemu hakufuga hata mmoja. Aliuza waya wa vizimba. Bei ilipoanguka, yeye alikuwa ameshapandisha ghorofa, na dada yake alikula sungura mpaka meno ya mbele yakaanza kurefuka.

Figo zilianza kumsumbua Septemba mwaka jana. Alilazwa penye dirisha, bila shaka. Dada yake alipolazwa aliwekwa karibu na choo. Jumatano tarehe 5 Machi 2025, saa ya kuona wagonjwa, alimshika dada yake mkono.

"Nisimulie ile ya alizeti."

"Unataka kununua nini tena?"

"Sinunui kitu. Na mbuzi leo mwache."

Dada yake akasimulia. Mbuzi akapanda, akala wingu, na safari hii wingu lilikuwa na mvua ndani, tumbo likanguruma radi hadi mtaa wa tatu. Marehemu alisikiliza mpaka mwisho. Muuguzi aliyekuwa akitandika shuka akauliza, "Bibi, hayo ni kweli?" Kabla dada mtu hajafungua mdomo, marehemu, ambaye maisha yake yote hakuongeza wala kupunguza msumari kwenye mizani, akawahi.

"Kweli tupu. Mimi ndiye niliyeshika kamba, asipeperuke."

Hata hapo alimzidi. Miaka yote hiyo, dada yake hakuwahi kuifikiria kamba.

Alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, saa nne asubuhi. Jeneza mmeliona, na vishikio vyake mmeviona. Hakuna haja ya kuvisifu.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, duka lenye ghorofa juu yake, na dada mmoja, ambaye hadithi yake ya alizeti sasa ina kamba. Atakayeisimulia asiitoe kamba hiyo, na aseme iliwekwa na nani.

Lala kwa amani, mdogo wangu. Upepo ukija, nitashika mimi.