Masika Yaliyopigwa Pasi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mwenye chungu jikoni apunguze moto, mwenye haraka akae kidogo, maana leo tunamkumbuka mwanamke ambaye hakujua kuacha kazi njiani. Tunamkumbuka fundi wa mapazia. Mtaa mzima ulimwita Mama Pazia. Ametutoka wiki iliyopita, mvua za masika zikinyesha.

Alikuwa fundi wa mapazia, narudia, na cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, chini ya dirisha. Siku moja mteja alirudi na mapazia mkononi, amefura. "Nilichagua ya kijani. Nimefika nyumbani, yamekuwa ya kijivu!" Mama Pazia hakubishana. Aliyainua dirishani, akaona mama wa watu hasemi uongo. Mapazia yalichaguliwa kiangazi, jua la kupasua mawe. Sasa mawingu yalikuwa yametanda. Kitambaa kilikuwa kile kile, ila mwanga umebadilika.

Basi akachukua daftari, akachora dirisha lake kama lilivyokuwa saa ile. Akaendelea kila msimu. Mwanzoni ilikuwa kwa ajili ya wateja, waone mwanga wa kila msimu kabla ya kuchagua rangi. Baadaye ikawa kwa ajili yake mwenyewe, na ole wake aliyemkatiza.

Alichora dirisha moja, wasikilizaji. Dirisha lile lile, miaka yote, na msimu ndio uliompangia namna ya kuchora. Kiangazi rangi ilikauka kabla hajainua brashi, kwa hiyo alichora chapuchapu, na vumbi la dirishani akalichanganya na gundi akalipaka. Kipupwe vidole vilikakamaa kwa baridi. Akaweka brashi pembeni, akaishona picha kwa uzi juu ya karatasi, maana sindano aliizoea hata akitetemeka. Vuli alibandika majani machanga. Na masika? Masika yalimshinda. Karatasi hazikukauka, kurasa zikashikana, kuvu ikaingia. Kila mwaka daftari lilikuwa na misimu mitatu na pengo.

"Masika yananidharau," alimwambia mumewe, dereva wa lori mstaafu. "Lakini tutaonana."

Mumewe, masikini, alitaka kusaidia. Mwaka mmoja aliukuta ukurasa wa masika umelowa, akaanza kuupiga pasi. Simu ikaita, akaenda kupokea.

"Niliporudi," anasimulia mzee, "pasi ilikuwa imeacha alama yake katikati ya dirisha. Nilitaka kuhama nyumba."

Mama Pazia hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba watoto, wewe na lori, sawa. Daftari langu usiliguse tena." Mzee akatii. Tangu siku hiyo alilipita daftari lile kama mtu anayempita mbwa aliyelala.

Kipupwe kilichopita, kiharusi kikampiga Mama Pazia. Mkono wa kulia ukanyamaza. Binti yao, ambaye ni muuguzi, akaifunika cherehani kwa shuka. "Mama, umefanya kazi ya kutosha. Pumzika."

"Mkono mmoja umelala," mama akamjibu. "Huu mwingine uko macho, tena haujawahi kupewa kazi ya maana."

Hapo ndipo alipoweka nia. Mwaka huo daftari lingekuwa na misimu yote minne. Alimtangazia kila aliyekuja kumpa pole. Kipupwe akashona kwa mkono wa kushoto, mishono ikaenda upogo kama nyayo za kuku. Binti alicheka, naye akacheka, lakini hakufumua hata mmoja. Vuli akabandika majani. Kiangazi akapaka vumbi. Yakabaki masika.

Masika yakaja, na nguvu zake zikawa zinakwenda. "Nilimwambia tungoje apate nafuu," anasema binti. "Akaniambia, mvua haingoji mtu, nisogezee maji na rangi."

Alichora akiwa ameegemea mito. Dirisha la kijivu, maji yakichuruzika kwenye kioo. Ukurasa ukakamilika, lakini ulikuwa umelowa chepechepe, na alijua kuvu haikuwa mbali.

"Baba watoto, lete pasi."

Mzee akasimama mlangoni. "Mimi? Na daftari hilo?"

"Wewe. Na simu uizime."

Mzee akatandika kipande cha pazia juu ya ukurasa, akapiga pasi, jasho likimtoka. Mkewe akamwelekeza kutoka kitandani: inua, shusha, usikawie hapo. Alipoondoa kitambaa, ukurasa ulikuwa mkavu na safi.

Mama Pazia akaupapasa kwa kidole. "Sasa bila kitambaa. Weka ncha ya pasi hapo pembeni, uiache kidogo."

"Ukurasa utaungua, mke wangu!"

"Uungue. Hiyo ndiyo sahihi yako."

Wiki hiyo hiyo akatutoka. Daftari lina misimu minne.

Kwa mzee, kwa binti, na kwa wote walioshonewa na mikono ile, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Mungu amlaze pema. Nasi tuliobaki, kila mmoja ajiulize ni msimu gani unaomshinda mwaka hadi mwaka, na kama kweli ameshakubali kushindwa.

Kipupwe kinakaribia. Mzee ametuambia ameshaitoa shuka kwenye cherehani na sindano ameiona ilipo. Anataka kuushona ukurasa wa kipupwe, ila kushona hajui. Anasema atajifunza hapo hapo dirishani.