Bano la Mwisho Katika Orodha ya Chekechea

Mheshimiwa Naibu Meya, Bi Krasimira Ruseva, Ndugu Mkurugenzi wa Elimu, Bwana Tonkov, walimu wakuu wa chekechea zetu saba, wafanyakazi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na wewe Nevena, uliyekaa karibu na mlango kana kwamba huna uhakika umealikwa: hamjambo?

Kwanza, asanteni kwa maua ya kustaafu kwangu. Nimeyahesabu. Msicheke! Ni kumi na moja. Yangekuwa kumi na mawili, idadi inayogawanyika kwa mbili, ambayo kwetu ni ya kupeleka makaburini tu, ningejua Bwana Tonkov ana haraka zaidi ya kuniaga kuliko anavyoonyesha. Ndivyo nilivyo, na nyote mnanijua. Miaka thelathini na mbili katika ofisi hii, nimeshuku mihuri, nimeshuku vyeti vya chanjo, nimemshuku hata paka wa bohari. Bwana Tonkov aliwahi kuniambia, "Zlatka, wewe ukiona watu wawili wanacheka, unadhani wanakucheka wewe." Nikamjibu, "Na mara ngapi nimekosea?" Akaondoka kwenda kunywa chai. Ile chai nayo niliishuku.

Lakini niwaulize, mabibi na mabwana: kati yetu, nani hakushuku mwezi huu? Orodha ya watoto wa chekechea ilipobandikwa mlangoni, watu walisoma nini, majina au hila? Nafasi ni ishirini na sita. Vyara Kolchagova, yule wa tanuri la mikate, analea peke yake, hana ndugu wa kumwachia mtoto, na anaingia kazini kabla hakujapambazuka. Siyana wake tulimtarajia awe wa nne. Akatokea wa thelathini na moja. Na wa ishirini na sita alikuwa nani? Mtoto wa dada yake Nevena, karani mwenzangu.

Vyara alikuja dirishani kwangu na unga bado uko kwenye nyusi. Akasema, "Shangazi Zlatka, mwanangu amewakosea nini?"

"Hajakosea kitu, mwanangu. Kompyuta ndiyo imepanga."

"Kompyuta ina mpwa?"

Ukumbi mzima ulisikia, na jioni mji mzima ulikuwa umesikia. Nevena akasimamishwa kazi. Jumatatu ijayo anafikishwa mbele ya kamati ya nidhamu, na nyote mnajua mtu akitolewa hapa kwa kosa la upendeleo, hakuna ofisi ya mji huu itakayompokea tena.

Je, nani aliyeandika barua ya kumshtaki? Tumekuwa tukitazamana kwa macho ya pembeni wiki tatu. Acheni kutazamana. Ni mimi.

Niliiandika kwa mkono wangu, kurasa mbili, na niliona fahari. Nilimwona Nevena akifunga dirisha la kompyuta nilipopita, nikasema, aha! Nilimwona akinywa kahawa na dereva wa meya, nikasema, aha, mara mbili! Alinisalimia vizuri kupita kawaida, hapo ndipo nikaapa kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia.

Jumanne iliyopita nikafungua lile jedwali la alama ili nipate ushahidi wa kumzika. Mnaolijua mnajua: alama za mzazi anayefanya kazi, za mzazi mmoja, na za kuwa na ndugu chekecheani zinajumlishwa ndani ya mabano, kisha, nje ya mabano, jumla yote inazidishwa mara mbili kwa watoto wa mitaa ya hapa. Nikaingia kwenye fomula. Mabano yakajipaka rangi, kila jozi na rangi yake, na yote yalikuwa na wenzao. Hakuna lililokosa mwenzake. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Kitu kilichonyooka kiasi hicho, katika ofisi yetu?

Nikaanza kutembea kwa mshale wa kibodi, herufi moja baada ya nyingine. Ukivuka bano, mwenzake anakolea weusi kwa kufumba na kufumbua, halafu anarudi kama alivyokuwa. Ukipepesa macho umepitwa. Nikafika kwenye bano la mwisho kabisa, nikalivuka, na aliyekolea ni wa kwanza kabisa. Nikarudi. Nikalivuka tena. Mara saba, wenzangu. Ile mara mbili ilikuwa ndani ya mabano, si nje! Ilikuwa inazidisha zilizo jirani yake tu, alama za ndugu. Mwenye kaka chekecheani, kama mpwa wa Nevena, alipanda. Siyana, mtoto wa pekee, aliporomoka.

Nani alilisogeza? Jedwali letu linaweka kumbukumbu ya kila badiliko. Nikafungua huku nikitabasamu. Tarehe kumi na moja Aprili, saa saba kasoro dakika ishirini mchana. Zlatka Bozhkova.

Nikasema, mwizi mkubwa huyu, ametumia nywila yangu! Ndiyo, hata hapo. Nikaangalia daftari la mahudhurio: siku hiyo Nevena alikuwa likizo, kijijini kwa mama yake, akipanda nyanya. Basi nikakaa kitini, na kumbukumbu ikanijia ikanitia aibu. Niliondoa kipengele cha chanjo kilichofutwa mwaka huu, nikafuta na bano moja bila kujua. Programu ikaniuliza: fomula ina kosa, nirekebishe? Na banitsa, mkate wangu wa jibini, ilikuwa inapoa mezani. Mimi, ninayehesabu maua, nikabonyeza "ndiyo" bila kusoma. Nayo ikaongeza bano mwishoni, kila kitu kikapatana, nikaenda kula.

Mheshimiwa Naibu Meya, hii bahasha ni yako. Ndani mna barua ya kufuta shtaka langu, na orodha iliyokokotolewa upya. Siyana Kolchagova ni wa nne. Mpwa wa Nevena ni wa ishirini na tisa. Nevena anajua, nilimwambia jana mlangoni kwake. Alisema tu, "Shangazi, ungeniuliza." Miaka tisa tumekaa meza mbili jirani, na ni kweli, sikumuuliza.

Bwana Tonkov, naona unamnong'oneza mwanasheria. Najua sheria inaruhusu kumwadhibu anayestaafu maadamu hajakabidhi funguo. Funguo bado ninazo, na sitazikabidhi kabla ya Jumatatu, ili kamati inipate.

Nevena, siwezi kukudai msamaha mbele ya watu, nikakufanya unikubalie kwa kuona haya. Ninalokuomba ni hili: Jumatatu saa tatu njoo kwenye kamati, ukae kwenye viti vya wageni. Mimi ndiye nitakayesimama.

Nawashukuru kwa masikio yenu, na kwa kunivumilia miaka yote hii.