Maisara Kamaludin, Mpiga Video wa Jikoni

Kwa jina la Mola, atoaye na atwaaye. Haya nimeyaandika mimi Bimdogo, mama yake mkubwa, yasomwe katika hitima ya leo, Jumamosi tarehe 15 Februari 2025. Shule niliishia darasa la saba, lakini tarehe za watoto wa nyumba hii zote ninazo kichwani.

Maisara alizaliwa Kibokoni, Ijumaa tarehe 11 Machi 1988, mtoto wa pili wa Kamaludin, seremala, na mdogo wangu Swafia. Alilelewa na nyanyake, mama yetu Sidi, katika vyumba vya uani nyuma ya nyumba ya marehemu Mzee Shamsudin. Niseme kweli, maana Maisara alipenda kweli: nyanya wa mama yetu aliingia nyumba hiyo akiwa kigoli mweusi aliyenunuliwa. Utumwa ulikwisha, sisi tukabaki uani. Wanawake wa nyumba ya mbele, wenye asili ya Uarabuni, waliitwa Bi tangu ujana wao. Mama yetu, aliyewapikia harusi zao zote, aliitwa Sidi kavu, bila Bi, hata na mtoto anayeanza kusema.

Maisara alisoma shule ya msingi hapa Mji wa Kale kuanzia 1994, akamaliza sekondari mwaka 2005. Alipokuwa na miaka saba, jirani mmoja alimtuma, "Kamwambie Sidi aje." Akasimama pale pale, akauliza, "Sidi yupi? Mimi namjua Bi Sidi tu." Swafia alimfinya sikio. Nyanyake alimpa kaimati mbili, akamwambia ale kimya kimya.

Mwaka 2008 alijifunza kupiga video, akawa anaitwa katika harusi za wanawake, ambako kamera ya mwanamume haiingii. Alikuwa hodari, bibi harusi aliyechoka alitoka kama mwezi. Lakini kila alipogeuza kamera upande wa jikoni, alikatazwa: hao usiwapige, wataharibu picha. Hao walikuwa wapishi, weusi kama yeye. Aliwaomba ruhusa wenyewe, akawapiga kwa siri ya wao na yeye, zaidi ya miaka kumi.

Tarehe 5 Aprili 2014 aliolewa na Fahmi Badawi, fundi wa mafriji, mtu mpole aliyembebea mikoba ya kamera bila kuona haya. Mungu akawajaalia Zakiya, ambaye sasa ana miaka tisa.

Jumamosi tarehe 14 Januari 2023, baada ya magharibi, Maisara alitundika shuka jeupe ukutani uani kwetu, akawaalika wanawake wa mtaa waone video zake. Nyuso za wapishi zikajaa shuka zima, na yeye amesimama kando akighani:

Pilau mwaipa jina, mpishi hamumtaji,
Mwala mkishibishana, hitima yake hamuji.

Mpishi mmoja, ambaye miaka yote aliwaambia bintize kuwa huenda harusini kama mwalikwa, aliwashika mikono akalia, nao wakamfuta machozi kwa leso zao. Mama yetu alilalamika kwamba hakuna aliyemwambia leso yake imekaa upande. Tulicheka, tukalia. Areej, bintiye Mzee Shamsudin, aliyebebwa mgongoni na mama yetu utotoni, aliinuka akaenda zake kabla video haijaisha.

Kesho yake Maisara alimwendea kwa adabu. Alimwambia hakutaka kumwaibisha mtu. "Nataka nyanyangu aitwe Bi kabla hajafa. Hilo tu." Areej akamjibu, "Sidi mwenyewe hajalalamika." Toka hapo mlango wa mbele ulifungwa kwetu miaka miwili, na kazi za harusi zikapungua. Maisara hakununa. Aliendelea kuwapiga wapishi, na kila video akawa anaimalizia kwa kuandika majina yao kamili.

Mwezi wa Agosti 2023 figo zake ziligoma. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na Fahmi alimpeleka kwa tuktuk bila kukosa hata siku moja. Alifariki Jumatano tarehe 12 Februari mwaka huu, saa moja asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mamake.

Watu wa uani ndio tuliozoea kuosha maiti wa mtaa huu. Wa mbele hawajawahi kutuoshea. Siku hiyo tulikuwa tumeshachota maji, Areej akaja peke yake, akavua viatu mlangoni. Akasema, "Bi Sidi, nipe ruhusa nimwagie maji mjukuu wako."

Mama yetu alimpisha mlangoni. Akamwambia, "Ingia, mwanangu. Shika upande wa kichwa."

Areej aliosha mpaka mwisho. Maisara alizikwa siku ile ile baada ya alasiri.

Ameacha mume, Fahmi; binti, Zakiya; wazazi wake, Kamaludin na Swafia; kaka yake Khubaib; mimi; wapishi aliowapenda; na nyanyake mwenye miaka themanini na minane, Bi Sidi binti Chirau. Ameketi pale karibu na mlango. Mkitoka, mpeni mkono, na mumwamkue kwa jina hilo.

Mwanetu, pumzika kwa amani. Mola akupanulie kaburi lako.