Zimerudi Siku ya Meza ya Bwana

PAM: Haloo, kemisti hapa. Nani anaongea?

DRUSILLA: Pam. Ni mimi.

PAM: Mimi nani? Hii namba siijui.

DRUSILLA: Drusilla. Simu ni ya Abigael, shemasi mwenzangu, yangu imezima. Usikate.

PAM: Drusi wa Manga? Si leo ni Sabato, unapiga simu katikati ya ibada? Habari ya—

DRUSILLA: Zimekuja.

PAM: Nini zimekuja?

DRUSILLA: Siku zangu. (anacheka) Zimekuja, Pam, zimekuja.

PAM: Wacha.

DRUSILLA: Haki ya Mungu.

PAM: Yawa. Ngoja nitoke hapa kaunta, watu wanasikia. (mlango unafungwa) Haya, sema tena.

DRUSILLA: Miezi minne. Tangu niache tembe za kupanga uzazi, miezi minne hakuna kitu, hata doa. Nikajua nimejimaliza. Si unajua vile wanasema huku, eti tembe zinachoma tumbo la uzazi—

PAM: Na mimi nilikuambia nini? Kuna mwili unarudi mwezi wa kwanza, kuna wenye unajivuta mpaka wa tatu, wa nne. Ndiyo nikasema ukizidi hapo uonwe na daktari.

DRUSILLA: Ulisema. Nikakuitikia vizuri, kisha nikaenda kulia kwa shamba ya majani chai.

PAM: Pole, dadangu. Na maumivu je?

DRUSILLA: Yapo. Tumbo inauma, mgongo unauma. Inauma vizuri.

PAM: Eti vizuri. Wewe uliyekuwa unazimia kwa paredi tukiwa form three, mimi nakubeba mgongoni mpaka zahanati?

DRUSILLA: Hizi si kama zile. Lakini Pam, sikia. Niko kwa shida.

PAM: Shida gani, na unacheka?

DRUSILLA: Nimejifungia kwa choo ya kanisa.

PAM: Ai.

DRUSILLA: Leo ni meza ya Bwana. Na mimi ni shemasi, kwa hivyo tumevaa—

PAM: Usiniambie nyeupe.

DRUSILLA: Nyeupe, kutoka kitambaa cha kichwa mpaka viatu.

PAM: Nyasaye, Mungu wangu.

DRUSILLA: Nimebeba sinia ya mkate, natembea pole pole vile tulifundishwa. Kufika safu ya tatu, nikasikia. Nikajua papo hapo. Mzee Onyiego amenyoosha mkono achukue mkate, mimi namchekea meno yote nje. Yule mzee hajui aombe ama akimbie.

PAM: (anacheka) Na ukafanyaje?

DRUSILLA: Nikageuka nirudi mbele, mama mkwe akaona nyuma ya nguo.

PAM: Si ni mwanamke mwenzako? Akupe leso ujifunge, basi.

DRUSILLA: Alinipa leso. Halafu akapiga nduru.

PAM: Nduru ya nini sasa?

DRUSILLA: Pam, yeye anaamini nina mimba.

PAM: Anaamini una nini?

DRUSILLA: Ni Momanyi. Aliona miezi inapita, akahesabu na vidole vyake, akaamua mke wake ni mjamzito. Nikamwonyesha kipimo, kile ulinipatia, mstari mmoja, hakuna mimba. Akasema vipimo vya dukani havijui damu ya Wakisii.

PAM: Havijui nini? (anacheka sana)

DRUSILLA: Cheka tu. Akamwambia mamake. Tangu siku hiyo sijabeba maji, sijachuma majani chai. Uji wa wimbi asubuhi, uji wa wimbi jioni. Kuku wawili wamechinjwa kwa ajili ya huyo mtoto.

PAM: Na wewe ukanyamaza, ukala kuku.

DRUSILLA: Ningesema sina mimba, wangeuliza mbona basi hakuna mwezi. Ningesema tembe. Miaka sita ya tembe, Pam. Na huyo mama anaamini ukimeza moja tu, ukoo umekatika.

PAM: Lakini ulizimeza juu ya maumivu.

DRUSILLA: Momanyi anajua hivyo. Tuliketi mimi na yeye tukakubaliana niache, tutafute mtoto. Mamake ndiye hajui.

PAM: (mtandao unakwaruza) ...nje ya hicho choo kuna nani saa hii?

DRUSILLA: Kanisa lote. Ibada imesimama. Wanawake wanaimba zile nyimbo za matanga. Momanyi amekimbia kutafuta boda nipelekwe hospitali. Wanalia mtoto, Pam.

PAM: Mtoto gani?

DRUSILLA: Si ndiyo nakuambia.

PAM: (anabana kicheko)

DRUSILLA: Usinichekeshe, wananisikia. Nikicheka wanafikiri ni kilio, wanaongeza sauti. (anacheka) Umesikia? Wameongeza.

PAM: Drusi. Fungua mlango.

DRUSILLA: Niseme nini? Wacha tu waamini mimba imetoka. Nitalala siku mbili, watanipa pole, iishe hivyo.

PAM: Haitaisha. Daktari atakupima, atawaambia.

DRUSILLA: Nitakataa kwenda.

PAM: Na Momanyi? Huyo mwanaume atalia mtoto ambaye hakuwepo. Mtakuwa wazee, bado anamkumbuka. Wewe utaweza kumwangalia?

DRUSILLA: Hapana.

PAM: Basi.

DRUSILLA: Naogopa, Pam. Nina furaha, na bado naogopa.

PAM: Nenda hivyo hivyo. Mimi niko hapa kwa laini.

DRUSILLA: Anabisha. Ni yeye. (mbali na simu) Yaya, hapana mama, sijafa. Ingia wewe peke yako. (mlango, Kikisii cha haraka, kisha cha pole pole)

PAM: Drusi? Haloo? Mimi Kikisii sijui, anasema nini? Drusi?

DRUSILLA: Nimemwambia.

PAM: Yote?

DRUSILLA: Yote. Hakuna mtoto ametoka, hakukuwa na mtoto. Tembe, maumivu, miaka sita, kuacha. Kwamba huu ni mwezi wangu tu na ndiyo furaha yangu. Nikamwomba msamaha juu ya kuku.

PAM: Akasema?

DRUSILLA: Ameuliza, "Hakuna mtu amekufa?" Nikasema hakuna. Akatoa kichwa nje, akawaambia wanawake wanyamaze warudi kwa meza ya Bwana, na Momanyi akifika na boda aambiwe angoje. Halafu akafunga mlango tena, na yeye akiwa ndani.

PAM: Amekasirika?

DRUSILLA: Sijui. Kuhusu kuku amesema walikuwa wazee. Ameketi kwa ndoo. Ngoja, anauliza kitu. Anauliza hizo tembe zilituliza maumivu kweli.

PAM: Mwambie kweli.

DRUSILLA: Na kama zinapunguza damu.

PAM: Kuna watu zinawapunguzia. Damu ya nani?

DRUSILLA: Anasema ana rafiki yake. Miaka arobaini na sita. Siku kumi na mbili kila mwezi, mpaka akiinama shambani anaona giza. Huu ni mwaka wa tatu.

PAM: Mwaka wa tatu? Na hajaambia mtu?

DRUSILLA: Anasema huyo rafiki angeambia nani.

PAM: Mwambie asinunue tembe yoyote, umri huo lazima daktari aangalie kwanza. Lakini asikae hivyo, kuna msaada. Daktari wa hapa ghorofani, juu ya kemisti, anakuja Jumatatu. Nimwandike huyo rafiki? Anaitwa nani?

DRUSILLA: (mbali na simu, Kikisii kifupi) ...

PAM: Drusi?

DRUSILLA: Hasemi jina, Pam. Amenishika mkono, machozi yanamtoka.

PAM: Ooh. Sawa. Sawa, nimeelewa.

DRUSILLA: Simu inalia, salio la Abigael linaisha. Wewe andika tu, hata bila jina. Jumatatu tunakuja wawi—